Mwalimu Mkasi Anakabidhi Mikebe Miwili

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, kengele ya mwisho itakapolia, mwalimu wetu wa Kiswahili atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja ya kazi katika shule hii, na hapo hapo atakuwa amestaafu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ilikuwa imeandika miaka thelathini na moja tu, akairudisha karatasi ikiwa na wino mwekundu.

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mwalimu wa idara yake. Idara ina walimu wanne. Waliombwa mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu kwamba siku ya kumuaga yuko tayari kwa kazi yoyote, hata kubeba viti, lakini kuandika ukurasa wa Kiswahili utakaosomwa na Mwalimu Mkasi mbele ya wageni, hapana. Ndipo kazi ikamwangukia karani wa shule, ambaye masomo yake ya darasani yaliishia kidato cha pili, na ambaye amesahihishwa na mstaafu mara nyingi kiasi kwamba mara moja zaidi haitamuua. Karani atakayetajwa humu ndiye huyo anayeandika. Anajitaja kwa kazi yake, kama wengine wote, ili ukurasa ubaki wa mstaafu.

Mwalimu Mkasi alifika hapa akiwa hajatimiza miaka ishirini na tisa. Alikuja kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi, kwa miezi mitatu. Mwalimu yule alijifungua mapacha, akaongeza likizo, kisha akaandika barua kwamba harudi. Ile miezi mitatu ndiyo inayokwisha Ijumaa.

Jina la Mkasi alipewa na wanafunzi katika mwaka wake wa pili. Alikuwa na darasa la watoto sabini na wawili na vitabu tisa, na mada ya muhula ilikuwa kutambua virai vitenzi katika sentensi. Kwa wageni ambao shule waliimaliza zamani, karani ataeleza kama alivyoelezwa yeye. Sentensi ina sehemu mbili kubwa. Sehemu moja inamtaja mtu au kitu. Ya pili inasema huyo aliyetajwa amefanya nini, yukoje, amepatwa na nini. Hiyo ya pili ndiyo kirai kitenzi, na ndani yake mna kitenzi pamoja na mizigo yake yote. Wanafunzi wengi hukidaka kitenzi peke yake na kuiacha mizigo njiani. Wengine hufanya haraka zaidi: hawajamaliza kumtaja mtu, wameshaanza kumsema.

Ubaoni somo halikwenda. Watoto walipiga mistari, wakafuta, wakapiga tena, wakachungulia kwa jirani. Mume wa mwalimu ni fundi saa, na Jumapili moja, mezani kwa fundi, mwalimu alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaikata vipande virefu, akaandika sentensi moja nyuma ya kila kipande. Jumatatu aliingia darasani na mikasi tisa, mmoja kwa kila wanafunzi wanane. Sharti lilikuwa moja: mkasi hupita mara moja. Penseli ina kifutio na chaki ina dasta, lakini mkasi hauna dawa. Anayetaka kukata lazima kwanza aamue.

Kipande cha mbele, kile kinachomtaja mtu, kiliingia katika mkebe wa buluu. Cha nyuma, ambacho ndicho kirai kitenzi, kiliingia katika mkebe mwekundu. Mikebe hiyo ilikuwa ya biskuti na ipo mpaka leo, ingawa wa buluu umekuwa wa kutu na tunauita wa buluu kwa heshima tu. Mikasi ni ile ile tisa. Fundi saa ameinoa kila mwisho wa muhula kwa tupa yake ndogo, bila hata mara moja kuulizwa kama ana nafasi.

Tangu wakati huo, kila mwezi wa kwanza, wafanyakazi wa shule hii humletea Mwalimu Mkasi kalenda zao za zamani. Mgeni akituona tumepanga foleni na kalenda zilizokwisha, hudhani ni ibada.

Sentensi zenyewe hakuzitunga. Alisema sentensi ya kutunga ina harufu ya kitabu, mtoto anaijua kwa mbali na akili inalala. Alitaka maneno ambayo mtu ameyasema kweli ndani ya uzio wa shule. Ukiongea uani, jikoni au kwenye chumba cha walimu, mara unamwona amesimama na kijitabu chake, anaomba, "Nipe hiyo." Wapo waliojifunza kunyamaza akipita. Wapo, kama mpishi wetu, waliokuwa wakipandisha sauti kwa makusudi. Mpishi anashikilia rekodi ya sentensi arobaini na moja. Maarufu kuliko zote ni ile isemayo, "Sufuria kubwa iliyotoboka mwaka jana imeanza tena kuvuja." Vizazi na vizazi vya kidato cha tatu vimeikata pabaya. Mtoto akifika kwenye "iliyotoboka" husikia kitendo, mkasi unapita. Mwalimu huchukua vile vipande viwili, huviweka mezani, na kuuliza sufuria ipi sasa iliyotoboka, maana umeikata shingo kabla hatujaijua. Tangu sentensi hiyo isemwe, sufuria imebadilishwa mara mbili.

Zipo sentensi ambazo hakuzichukua. Kuna mzazi aliyesimama ofisini akasema maneno manane juu ya mwanawe aliyefukuzwa shule, maneno yaliyopangika vizuri kuliko hotuba. Mwalimu Mkasi alikuwepo. Kijitabu kilibaki mfukoni. Karani alipomuuliza baadaye, alijibu kwamba sentensi ya mtu anayelia haikatwi.

Mwisho wa kila kipindi kulikuwa na mchezo. Mwanafunzi mmoja anachomoa kipande kutoka mkebe wa buluu, mwingine kutoka mwekundu, wanavisoma pamoja. Visipopatana darasa linakataa, na visipopatana vibaya sana darasa linacheka. Siku moja kutoka mkebe wa buluu kilitoka kipande kisemacho "Makamu wa mkuu wa shule", na kutoka mwekundu kikatoka mkia wa sentensi ya mlinzi kuhusu kuku wake: "anataga chini ya ngazi." Vilipatana kabisa. Darasa lilikuwa bado liko chini ya madawati wakati viatu vya Makamu vilipofika mlangoni. Viatu hivyo vinalia, na hili si siri kwa kuwa nalo lilikuwa sentensi katika mkebe. Makamu alisoma vile vipande, akavirudisha, akauliza kwa utulivu ni ngazi ipi. Mwalimu Mkasi alimjibu kwamba swali hilo linaonyesha alisikiliza darasani. Makamu alikuwa mwanafunzi wake.

Mara mbili mwalimu alipewa nafasi ya kupanda cheo na kuhamia ofisini, na mara mbili alikataa. Sababu aliyotoa ni kwamba ofisini kuna sentensi nyingi lakini hakuna wa kuzikata. Aliongoza idara ya Kiswahili kwa miaka kumi na minne. Wanafunzi waliopita mikononi mwake ni elfu nne na ushei. Hakuwahi kujifunza kutumia projekta, na aliyejaribu kumfundisha alitoka na barua yake ya maombi ya likizo imesahihishwa. Matangazo yote ya ubaoni yamewahi kupata wino mwekundu. Kadi ya harusi ya mwalimu wa michezo ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na alama saba juu ya kumi, na mchango ndani.

Hadi hapa wasifu huu ungeweza kuandikwa na yeyote mwenye ujasiri. Lililobaki analijua karani zaidi, nalo ni la miaka sita iliyopita, katika juma la mtihani wa majaribio wa kidato cha nne.

Wakati huo karani mwenyewe alikuwa katika majaribio. Alikuwa na miezi minne kazini kati ya sita ya kutazamwa. Alikuwa pia na mtoto wa miezi saba na barua mbili za onyo. Ya kwanza ilikuwa ya kuchelewa. Ya pili ilikuwa ya kuja na mtoto ofisini, jambo ambalo Makamu alikuwa amelikataza kwa maandishi. Utaratibu unafahamika: barua ya tatu haionyi, inaaga. Na nyumbani kwa karani hakukuwa na mshahara mwingine.

Siku ya kuchapa mtihani, jirani aliyekuwa akimtazama mtoto aliamka mgonjwa. Karani akaja naye, akafunga mlango wa ofisi, akampakata, akachapa kwa mkono mmoja huku akiomba asilie. Hakulia. Alifanya kingine. Mwalimu Mkasi alikuwa ameacha mezani karatasi mbili za mwandiko wake. Moja ilikuwa ya maswali, sentensi kumi na mbili ambazo mwanafunzi atapigia mstari virai vitenzi. Ya pili ilikuwa mwongozo wa kusahihishia, wenye sentensi zile zile, ila mistari imeshapigwa kwa wino mwekundu. Karani alipogeuka kutoka kwenye mashine, ile ya maswali ilikuwa imetafunwa nusu, na mwongozo ulikuwa umelowa mate.

Angesema, angelazimika kusema ni nani aliyetafuna. Hakusema. Alichapa kutoka kwenye mwongozo. Mistari aliiona na hakuishangaa, maana mitihani mingi huwa na maneno yaliyopigiwa mstari, akaipiga na yeye. Pale mate yalipoyeyusha wino alikisia mstari ulianzia wapi na uliishia wapi. Sentensi ya mwisho ilikuwa fupi: "Tutawangojea langoni." Mwongozo ulionyesha mstari chini ya maneno yote mawili. Karani akaona huo ni utelezi wa kalamu, kwa kuwa nani hupigia mstari sentensi nzima, akaliacha "langoni" bila kitu.

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, viatu vya Makamu vilisikika vikija ofisini kwa haraka. Wanafunzi mia moja sitini na watatu, katika vyumba vinne, walikuwa wameshafungua karatasi zao. Makamu aliweka nakala moja juu ya meza.

"Binti, umewapa watoto majibu," alisema.

Alieleza kwamba hakuna muda wa kuchapa mwingine, mashine huchukua asubuhi nzima. Kisha akavuta droo yenye karatasi zenye nembo ya shule, zile zinazotumika kwa barua za wafanyakazi, na kumtuma mlinzi amwite Mwalimu Mkasi.

Mwalimu alikuja, akaketi kwenye kiti cha wageni, akaipokea karatasi. Hakuuliza kitu. Alitoa kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha kutoka namba moja, kama anavyosahihisha daftari la mtoto yeyote: vema, vema, kosa, vema. Karani alikuwa amesimama. Makamu alikuwa amesimama. Katika ofisi nzima kilichosikika ni kalamu. Alipofika namba kumi na mbili aliandika chini ya karatasi: 7/12.

"Hajatoa majibu," alimwambia Makamu. "Kafanya mtihani. Ni mtahiniwa wa mia moja sitini na nne, na amepata saba."

Akachukua chaki. Katika vyumba vyote vinne aliandika ubaoni maagizo yale yale, ambayo wapo waliohitimu wanayakumbuka hadi leo: Mistari hii imepigwa na mtu mwenye haraka. Palipo sawa, paache. Palipokosewa, parekebishe, useme kwa nini. Mtihani ukaendelea.

Aliporudi, Makamu alikuwa bado anataka kujua kosa ni la nani, na droo ilikuwa bado iko wazi. Mwalimu Mkasi hasemi uongo, hata wa kusaidia. Ukimuuliza kama kitenge kimekupendeza, ujiandae. Alisema ukweli aliokuwa nao.

"Mwongozo haulali meza moja na mtihani. Mimi ndiye niliyeuleta. Nakala ya kwanza nilipaswa kuihakiki, sikuihakiki. Ukiandika barua, andika mbili, na ya kwanza iwe yangu."

Mwalimu huyu alikuwa na miaka ishirini na mitano kazini bila barua hata moja katika faili lake. Makamu akaisukuma droo kwa goti ikajifunga.

Wakati wa mapumziko mwalimu alirudi ofisini peke yake, na mkasi mmoja na vipande kumi na viwili vya kalenda. Karani alidhani amekuja kupokea shukrani, akaanza kuzitoa. Alikatizwa.

"Mimi nimesema yangu yote, mwanangu. Yako bado."

Karani akamwambia, Mama, nikisema nimekwisha. Mwalimu hakubishana naye. Alivuta kiti na kukaa, kwa namna ya kuonyesha kwamba atangoja hapo hapo hadi aliyetumwa arudi. Karani akaenda. Mlangoni kwa Makamu alisema habari ya jirani, ya mtoto, ya mate, na ya karatasi iliyotafunwa. Makamu alisikiliza hadi mwisho. Aliongeza miezi mitatu ya kutazamwa. Katazo la watoto ofisini alilibakiza pale pale. Kisha akauliza mtoto anaitwa nani. Kesho yake mama mkwe wa mpishi, anayekaa nyuma ya uzio wa shule, alituma habari kwamba yeye hushinda nyumbani mikono mitupu, na kama yupo mwenye mtoto wa kupakatwa, amlete. Nani alimfikishia habari, hadi leo hajulikani. Mpishi anasema si yeye.

Na vile vipande kumi na viwili? Karani aliporudi alivikuta vimepangwa mezani, akakabidhiwa mkasi. Walikata vyote siku hiyo, polepole. Walipofika cha mwisho, karani aligeuza mkasi huku na huku. Mwalimu alimwambia aendelee kutafuta. Alipochoka ndipo akamweleza kwamba katika "Tutawangojea langoni" wanaongojea wamo ndani ya neno lile lile, na wanaongojewa nao wamo, wote wamejifungia mle, na "langoni" ni mzigo wao. Sentensi yote ni kirai kitenzi. Hapana pa kukata. Kipande hicho kilirudi kwenye kijitabu kikiwa kizima.

Matokeo ya mtihani ule yalijadiliwa katika kikao cha walimu. Wanafunzi ishirini na sita tu ndio waliorekebisha makosa yote matano. Zaidi ya tisini walirekebisha hata mistari iliyokuwa sawa. Mwalimu Mkasi alikiambia kikao kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwapima watoto kama wanajua kukata, kumbe hakuwapima kama wanajua kuacha. Akaomba swali hilo liwepo kila mwaka. Ndivyo ilivyozaliwa sehemu ya mtihani ambayo wanafunzi wetu wanaiita Mistari ya Karani.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mwezi wa saba, karani alipewa sentensi kumi na mbili mpya, bila mwongozo, akapiga mistari kwa kadiri ya akili yake. Mwalimu hakumsaidia. Mwalimu mmoja wa idara alishauri kwamba makosa yangeweza kutungwa tu na kumwondolea karani usumbufu. Mstaafu alijibu kwamba kosa la kutunga linajulikana, halina mtu ndani yake. La karani ni kosa la mtu aliyejitahidi, na huyo ndiye mtoto atakayekutana naye maisha yake yote. Karani hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Mtihani ukishafanyika, ndipo mwalimu huja na mkasi, wakae nusu saa, wakate yale yaliyokosewa.

Mtu mzima hawezi kukaa nusu saa kila mwaka na Mwalimu Mkasi akabaki alivyokuwa. Wanafunzi nao walikuwa wakipita dirishani wakimchokoza karani, Shikamoo Dada, mwaka huu utatuwekea mangapi. Akawa anasoma vipande vya mkebe mwekundu wakati mashine inachapa. Mwaka jana alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kiswahili alifaulu. Hisabati ni habari ya siku nyingine.

Mwezi wa saba mwaka huu, mtihani wa mwisho wa mstaafu, karani alipeleka karatasi yake kama kawaida. Mwalimu aliketi kwenye kiti kile kile cha wageni. Vema, vema, vema. Alifika namba kumi na mbili, akageuza karatasi kuona kama kuna nyingine nyuma. Hakuna. Alifunika kalamu.

"Umeniharibia mtihani, mwanangu," alisema.

Karani, kwa mazoea, akaomba radhi.

Mtihani ulihitaji makosa, na makosa yalikuwa yamekwisha. Mwalimu Mkasi alitoka na karatasi safi, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, ambaye ndiye yule yule Makamu, sasa amepanda cheo, na viatu vyake ni vile vile. Alimwomba apige mistari. Mkuu alicheka, akapiga, akairudisha ndani ya dakika tano. Kwa hiyo mwaka huu kidato cha nne kilifanya Mistari ya Mkuu. Idadi ya makosa tumeombwa tusiitaje katika ukurasa huu. Ni zaidi ya ya karani.

Wiki iliyopita karani alikusanya nyaraka za mstaafu kwa ajili ya makabidhiano. Miongoni mwake ni daftari la alama za mtihani wa majaribio. Orodha ya mwaka ule wa mate ina majina mia moja sitini na matatu, na chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu, imeongezwa namba 164: Karani, 7. Mwaka uliofuata, chini kabisa ya orodha: Karani, 7. Kisha 9. Kisha 8, na pembeni yake maneno madogo, amejifungua wa pili, asikemewe. Kisha 11, na 11. Mwaka huu: Karani, 12. Mwalimu hakuwahi kumwambia kwamba ameandikishwa. Miaka sita alikuwa na mwanafunzi mmoja asiyekuwa na sare, akamfundisha mpaka mwisho, hakumruka hata mwaka mmoja. Daftari limehifadhiwa mahali pake. Karani amelikabidhi, lakini ametoa nakala.

Mikebe miwili na mikasi tisa inachukuliwa na mwalimu kijana kuliko wote katika idara, ambaye ameshaanza kusimama uani na kijitabu, na watu wameshaanza kumkimbia. Kalenda za zamani sasa zipelekwe kwake. Fundi saa amekubali kuendelea kunoa. Kijitabu chake mwenyewe, chenye kipande kimoja kisichokatwa ndani yake, mwalimu anaondoka nacho.

Mwalimu Mkasi, shule inakushukuru kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja. Inakushukuru kwa watoto elfu nne na ushei wanaomaliza kumtaja mtu kabla ya kumsema. Inakushukuru kwa droo iliyofungwa, na kwa mlango ambao ulimtuma mtu aubishe mwenyewe. Mumeo ametutumia salamu kwamba nyumbani kuna saa kumi na saba, hakuna hata mbili zinazoafikiana, na hakuna atakayekuuliza mbona umechelewa.

Ukurasa huu umeandikwa kwa vipande, kati ya kengele na kengele, na mtu mwenye haraka. Palipo sawa, paache. Sentensi ya mwisho, katika nakala yako, karani ameipigia mstari kuanzia neno la kwanza hadi kwenye nukta, na safari hii hakukisia.

Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele.